Sindano na Kazi Iliyobaki

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili waligundua kabla yangu. Mwandiko wangu ulikuwa unashuka ubaoni. Zamani tarehe niliiandika juu kabisa, nimejinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu. Muhula ule ikahamia katikati ya ubao, na ramani ya Tanzania nikaichora chini mno hata waliokaa nyuma wakalazimika kusimama ili wauone mto Ruvuma. Msichana mmoja akaniuliza kwa adabu kama naumwa. Nikamjibu kwamba bega limechoka tu, na wakati huo niliamini hivyo.

Lilikuwa bega la kulia, la kuandikia, la kukunia nazi, la kubebea kila kitu. Maumivu yalianza kidogo kidogo, ya mtu aliyelala vibaya. Nikachua kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, nikameza panadoli, nikabadilisha mto. Miezi ikapita, maumivu yakahamia usiku: nikigeukia upande wa kulia naamka, na nikishaamka silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Kisha mambo yakaanza kuniponyoka moja baada ya jingine. Kwanza zipu ya gauni. Halafu ndoano za sidiria, pini ya ushungi nyuma ya kichwa, bomba la kushikia ndani ya daladala. Kwenye swala, nikinyanyua mikono kwa takbira, wa kushoto unafika, wa kulia unabaki njiani. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wanangu ni wakubwa, sikuwa na mwana wa kulea. Niliyeshindwa kumvalisha ni mimi mwenyewe.

Daktari aliyenipokea hapa Tanga alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo. "Shikamoo, mwalimu," alisema, maana chaki ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Akaniambia niinue mkono. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Akaushika yeye, mimi nimelegea, akajaribu kuupandisha taratibu. Ukagoma palepale. Baadaye alinieleza alichokuwa anakitafuta. Kama shida ingekuwa kano iliyochanika au msuli uliodhoofika, mkono ukiinuliwa na daktari ungefika mbali kuliko ninapouinua mwenyewe. Ukikwama mahali pamoja, auinue nani, basi kilichokaza ni kiungo chenyewe. Picha ya eksirei ikaonyesha mifupa ni mizima. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Sukari yako ikoje, mwalimu?"

Nina kisukari kwa miaka mingi sasa. Habari za macho, figo na vidonda vya miguu nilizijua. Kliniki tunaambiwa kila tunapokwenda. Habari ya bega nilikuwa sijapata kuisikia. Kiungo cha bega kimezungukwa na kifuko chembamba kilicholegea, na ulegevu huo ndio unaotuwezesha kufika mgongoni na juu ya kichwa. Kifuko hicho kikivimba kwa ndani, kinaanza kunenepa, kisha kinasinyaa, na bega linaganda. Wataalamu hukadiria kwamba jambo hili huwapata watu 2 hadi 5 kati ya 100, hasa walio kati ya miaka 40 na 60, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa wenye kisukari idadi hupanda hadi kupita 10 kati ya 100. Huenda kwa awamu: kwanza maumivu makali, kisha maumivu hupungua lakini ukakamavu hubaki, mwisho bega hulegea lenyewe polepole. Safari nzima yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Miaka mitatu! Nilimtazama kijana yule nikihesabu mihula.

Akaniambia kuna njia ya kupunguza makali ya awamu ya kwanza, nayo ni sindano ya steroidi ndani ya kiungo. Nikanywea. Mtaani kwetu steroidi ina sifa mbaya, na sifa hiyo haikuja bure: tunawajua watu wanaonunua vidonge vya deksa kwenye maduka ya dawa ili wanenepe, wakaishia kuvimba uso na kupanda presha. Daktari hakunicheka. Alinieleza tofauti ya kumeza vidonge hivyo kila siku kwa miezi na kuweka kipimo kimoja, mara nyingi miligramu 40 za triamsinoloni au methiliprednisoloni, mahali pamoja palipovimba. Dozi ya kiungo nayo huingia kwenye damu kwa kiasi fulani, na hilo kwangu lingekuwa na athari zake, lakini ni ya mara moja na hupita. Akaongeza kuwa faida yake huwa kubwa zaidi maumivu yakiwa bado moto. Bega likishaganda bila maumivu, sindano haina cha kunyamazisha.

Kisha akasema maneno ambayo wakati ule niliyasikia nusu nusu: "Sindano itatuliza. Kunyoosha ni kazi yako."

Sindano yenyewe haina hadithi ndefu. Niliketi nimempa mgongo, mkono umelala mapajani. Akasafisha ngozi kwa dawa ya madini joto, akapapasa ukingo wa mfupa kwa kidole gumba, akaingiza sindano kwa nyuma ya bega. Nilihisi msukumo mzito ndani, zaidi ya uchomaji. Kabla sijamaliza kuhesabu pumzi zangu alikuwa ameshabandika plasta. Nikakaa kwenye benchi la nje kwa muda, kama walivyoagiza, ili waone kama dawa itanikataa. Nilipoinuka, bega lilikuwa tulivu kuliko lilivyokuwa kwa mwaka mzima, na nilirudi nyumbani kwa bajaji nikimwomba Mungu amzidishie umri kijana yule.

Utulivu ule haukuwa wa steroidi. Ndani ya bomba la sindano kulikuwa na dawa mbili: steroidi, na lignokaini ya kutia ganzi. Ganzi hufanya kazi ndani ya dakika chache na huisha baada ya saa kadhaa. Steroidi huchukua siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, kabla ya kuonyesha faida yake. Katikati ya dawa hizo mbili kuna pengo, na katika pengo hilo mgonjwa asiyeambiwa hudhani amedanganywa. Usiku ule bega liliwaka kuliko kawaida. Nilikuwa nimeonywa: chembechembe za dawa zenyewe huweza kukichokoza kiungo kwa siku moja au mbili. Tiba yake ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, panadoli, na subira. Kilichotakiwa kunirudisha hospitali mbio ni kitu kingine: homa, bega kuwa jekundu na la moto, au maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua. Hizo ni dalili za vijidudu ndani ya kiungo. Ni nadra, lakini zikitokea hazingoji Jumatatu.

Siku mbili za kwanza niliupumzisha mkono. Kuupumzisha maana yake si kuufunga kwa kanga shingoni. Niliruhusiwa kula nao, kunawa uso, kushika kalamu. Nilichokatazwa ni ndoo, kufagia uwanja, kukanda unga na kazi yoyote ya nguvu, na kwa wiki moja zaidi niende nayo kwa kiasi.

Sukari ndiyo iliyonitia hofu. Daktari alikuwa amenitahadharisha nipime asubuhi na jioni, na nisishangae. Jioni ya siku ya kwanza kipima sukari kilionyesha namba niliyokuwa sijaiona tangu mwaka ule nilipogunduliwa. Sikuwa nimekula wali wala kunywa soda. Steroidi huliamsha ini litoe sukari zaidi na huufanya mwili uidharau insulini, na kwa mwenye kisukari hali hiyo yaweza kudumu siku kadhaa, hata wiki. Nilikuwa na maelekezo kwenye karatasi: kunywa maji ya kutosha, kutoruka dozi ya metformini, na kiwango ambacho nikikivuka nipige simu. Sikukivuka. Lakini ningekuwa sijaambiwa ningeweza kuvuruga dawa zangu mwenyewe, au kulikimbia bega nikashughulikia sukari. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wa kliniki ya kisukari: ukitaka kuchomwa sindano ya kiungo, mwambie anayekuchoma, kisha mwambie anayekutibu sukari. Wawili hao mara nyingi hawaonani.

Katika siku zile za kungoja nilisoma, maana mwalimu wa historia akikaa bure huokota kitabu. Nikakutana na jambo lililonifanya nimpigie simu kaka yangu Korogwe.

Dawa za ukoo huu zilianza kutumika kwa wagonjwa wa viungo mwezi Septemba mwaka 1948, katika Mayo Clinic, mji wa Rochester huko Minnesota, Marekani. Daktari Philip Hench alimchoma mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfunga kitandani. Dawa ile, ambayo mwenzake Edward Kendall alikuwa ameichunguza kwa miaka mingi, baadaye ilipewa jina la kotisoni. Baada ya siku chache mwanamke yule alitoka kwa miguu yake kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeusz Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1951 daktari Joseph Hollander wa Philadelphia akaandika habari za kuichoma haidrokotisoni moja kwa moja ndani ya kiungo. Lakini furaha ile ilikuwa imeshaanza kuchanganyika na tahadhari. Wagonjwa wa Hench walipokatishiwa dawa, maumivu yalirudi. Walioendelea nayo kwa wingi, miili ilianza kuharibika kwa namna nyingine. Tangu mwanzo kabisa dawa hii ilikuwa na uwezo wa kutuliza bila kuponya.

Shida nyingine ilikuwa malighafi. Kotisoni ya kwanza ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, na ng'ombe wa dunia nzima wasingetosha. Wanakemia wakageukia mimea. Mwaka 1951 wanakemia watatu wa London, Callow, Cornforth na Spensley, walieleza kuwa mabaki ya mkonge yana kitu kiitwacho hekojenini, ambacho mwanakemia hodari anaweza kukigeuza kuwa steroidi za aina hii. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaifanya hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kuwa malighafi yake.

Sasa mtu wa Tanga aelewe kwa nini nilishika simu. Sisi ni watoto wa mkonge. Darasani hufundisha kila mwaka jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na jinsi miche hiyo ilivyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani. Baba yetu alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchambua majani, katika shamba moja la Korogwe. Nyuzi ni sehemu ndogo ya jani la mkonge, yapata 4 kati ya 100 kwa uzito. Mengine yote ni maji ya kijani na machicha yaliyotiririshwa katika mfereji ule uliokatazwa kuchezewa na watoto, kwa sababu maji yake huwasha ngozi. Baba alirudi nyumbani mikono imebabuka kwa maji hayo, na mabega yake, alipofika umri wangu, hayakuweza kuinua mikono juu ya masikio. Hakuna aliyempa jina la ugonjwa. Alikuwa mzee wa mkonge, na wazee wa mkonge walikuwa hivyo.

Sisemi kwamba chupa iliyotumika kwangu ilitoka kwenye mkonge. Siku hizi viwanda vina njia nyingine za kuipata dawa hii. Kaka yangu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mzee alikuwa anakanyaga dawa ya bega lake." Pengine. Lakini hata kama angeipata, nilianza kuona kuwa isingemtosha peke yake, na hiyo ni habari niliyojifunza wiki iliyofuata.

Maumivu yaliondoka. Hayakuondoka kwa kishindo. Niliamka asubuhi moja nikagundua kuwa nimelala upande wa kulia usiku mzima. Nikashukuru, nikaenda mbele ya kioo, nikainua mkono. Ukafika palepale ulipokuwa unafika siku zote.

Nilisimama pale nikiwa na bega lisilouma na lisilopanda. Ndipo nusu ya maneno ya daktari niliyokuwa sijaisikia ikaniingia. Uvimbe ulikuwa umetulia, lakini kifuko kilikuwa bado kimesinyaa, na hakuna dawa ya kukinyoosha isipokuwa kukinyoosha. Tena kioo kilinionyesha jambo la pili. Kila nilipojaribu kuinua mkono, bega zima lilikuwa linapanda kwenda sikioni na kiwiliwili kinaegemea kushoto. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejifundisha kukwepa maumivu, na sasa maumivu hayapo lakini kukwepa kumebaki.

Mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mwingine mpole, hakuanza na bega. Aliniuliza, "Mwalimu, kazi gani unaitaka irudi kwanza?" Nilidhani nitasema ubao. Mdomo ukasema, "Nataka kufunga ushungi mwenyewe." Akaichambua kazi hiyo mbele yangu: kuinua mkono pembeni, kuuzungusha kwa nje, kukunja kiwiko, kuufikisha kisogoni. Katika hatua hizo, kuzungusha kwa nje ndiko bega lililoganda hukupoteza mapema na hukurudisha kwa shida. Kwa hiyo tungeanzia hapo, na ushungi ungekuja wenyewe.

Mazoezi yalikuwa ya kuaibisha kwa udogo wake. La kwanza, kuinama nikishika meza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia kama ndoo kisimani, nikiuachia uyumbe mbele na nyuma, kisha kwa duara dogo. La pili, kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu, alama ya penseli ikibaki pale vilipofika. La tatu, kulala chali na kushika kipande cha mti wa ufagio kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavu, wa kushoto ukiusukuma wa kulia uende nje. La nne, kanga iliyosokotwa, mkono mmoja juu ya bega na mwingine kiunoni, wa juu ukiuvuta wa chini mgongoni. Dakika chache kila mara, mara kadhaa kwa siku, baada ya kuoga maji ya moto. Hakuna uzito, hakuna kulazimisha. "Kwanza mwendo," alisema, "nguvu itafuata."

Alinipa kipimo kimoja ambacho nimekihifadhi kuliko mengine yote. Kuvutwa na kuuma kidogo wakati wa zoezi ni halali. Maumivu yanayokwisha muda mfupi baada ya zoezi ni halali. Maumivu yanayolala nawe na kuamka nawe yanasema ulizidisha. Siku hiyo punguza, usiache. Kipimo hiki kilinitoa katika makosa mawili yanayoonekana kinyume lakini yanazaliwa pamoja: kuogopa kila kuuma, na kudhani kutouma ni ruhusa ya kila kitu.

Kosa hilo la pili nililishuhudia kwa jirani yangu, mama ntilie mwenye goti lililochakaa. Naye alichomwa sindano karibu na wakati wangu. Goti lilimtulia upesi kuliko bega langu, na kwa sababu biashara haingoji, kesho yake alikuwa anatoka na sufuria za wali na ndoo za lita 20 kutoka bombani. Goti ni kiungo kinachobeba mwili mzima. Kwa goti lililochomwa wanashauri kupunguza kusimama sana, ngazi na mizigo kwa siku ya kwanza na ya pili, kisha kurudi kwa hatua. Yeye hakuwa na wa kumshikia jiko. Baada ya wiki chache maumivu yalirudi, akarudi kuomba sindano nyingine, akakataliwa, akachukia. Simlaumu. Aliyemwambia "pumzika" hakumwuliza nani atawapikia watu wa stendi.

Lakini aliyemkataa alikuwa na sababu. Kwa kawaida kiungo kimoja hakichomwi mara kwa mara. Huachwa miezi mitatu hivi kati ya sindano na sindano, na wengi hawavuki tatu au nne kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuata watu 140 wenye magoti yaliyochakaa kwa miaka 2. Waliochomwa triamsinoloni kila wiki 12 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na mwishoni maumivu yao hayakutofautiana. Jirani yangu alipata pia baka jeupe pembeni ya goti, mahali dawa ilipogusa ngozi. Kwenye ngozi zetu nyeusi baka hilo huonekana kutoka mbali, na watu wakaanza kunong'ona. Mara nyingi hufifia baada ya miezi. Angeambiwa kabla, angejua cha kuwajibu.

Mimi nilikuwa na bahati ya likizo, mume mwenye pensheni na binti aliye nyumbani. Bahati hiyo nayo ilikuja na mtego wake. Wakati wa maumivu, binti alinisuka, alinivalisha, alianika nguo. Mume wangu alijifunza kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi, akawa fundi hata akaanza kunikosoa ninavyochuja tui. Maumivu yalipokwisha, nikitaka kuinua sufuria nanyang'anywa. "Kaa, mama, utaliamsha bega." Wema ule ungeniachia bega gumu. Ilibidi niwaketishe niwaeleze kwamba sasa kazi ndogo za nyumbani ni sehemu ya dawa, na tukagawana upya: mimi kufuta meza kwa mkono mpana, kupanga vikombe kwenye rafu ya kati, kuanika nguo nyepesi kwenye kamba tuliyoishusha kidogo, kisha tukaipandisha wiki kwa wiki. Ndoo, unga wa chapati na kufyeka uwanja vilibaki kwao mpaka mwisho.

Mambo hayakurudi kwa mpangilio niliotarajia. Kukuna nazi, niliyoiona kazi nzito, kulirudi mapema, kwa sababu kiwiko hukaa chini na bega halipandi. Takbira ikafuata. Ushungi ukaja siku nisiyoitazamia, nikiwa na haraka ya kwenda msibani. Nilifika barabarani ndipo nikakumbuka kuwa nimejifunga mwenyewe. Ubao ulichukua muda mrefu, si kwa sababu ya urefu bali kwa sababu ya kukaa na mkono juu. Kufika juu ni mwendo, kukaa juu ni nguvu, na misuli iliyolala mwaka mzima haiamki kwa sindano. Niliandika kipindi kimoja ubaoni, kilichofuata nikawapa wanafunzi kazi ya vikundi, na wasichana wawili wenye mwandiko mzuri wakawa makarani wangu. Somo halikuharibika. Huenda lilinufaika.

Zipu ya gauni haijarudi yote. Mkono wangu wa kulia unapanda mgongoni mpaka kiunoni na juu kidogo, hapo unakoma. Nimeshona magauni mawili yenye vifungo mbele. Wenye kisukari, niliambiwa, mara nyingi hupona polepole kuliko wengine na huenda wasirudishe mwendo wote, na sukari iliyotulizwa vizuri ni sehemu ya matibabu sawa na kanga iliyosokotwa. Nimelikubali hilo bila kuacha zoezi.

Nikilitazama jambo lote, naona kuwa watu hupenda sindano kwa sababu kazi yake inafanywa na mtu mwingine. Unakaa, unachomwa, unalipa, unaondoka. Sikatai nguvu yake. Bila ya sindano ile nisingeweza kuvumilia hata zoezi la kuyumbisha mkono. Ilinipa wiki kadhaa, pengine miezi michache, za utulivu, na kila siku ya muda huo niliyoitumia kunyoosha bega ilinibakia. Siku ambayo ningeitumia kufurahia tu kutouma, dawa ingeisha na kuondoka nayo.

Majuzi bega la kushoto limeanza kuniamsha usiku. Daktari alishaniambia kwamba kwa wenye kisukari la pili huweza kufuata la kwanza, na kwamba anayewahi hufaidi zaidi. Safari hii sijachua kwa miezi wala sijabadilisha mto. Nimeandika namba za sukari kwenye daftari, nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na Jumatatu nakwenda. Sijui kama nitachomwa. Hilo ataliamua yeye akishaupima mkono. Swali langu la kwanza litakuwa kama yule kijana wa mazoezi bado yupo, na siku gani za wiki anapokea wagonjwa.